Bendera Pale Ulipotua Ndoo

Jumatatu, 4 Machi

Kwa mke wangu, huko kwa binti yetu, ghorofa ya tatu,

Mimi mzima, nyumba nzima, mbuzi wazima. Hali yako siulizi, maana binti ameniambia unamsumbua mkwe wetu kuhusu anavyofunga mlango, kwa hiyo najua uko na nguvu zako zote. Naandika kwa mkono wangu, usije ukadhani nimemwomba mtu. Mkono umezoea mwiko na chokaa, lakini kalamu nayo itanyooka tu. Simu siitaki. Mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya neno. Barua huwezi kuikata, na hata ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Nina habari. Maji yanakuja.

Usicheke. Najua ulivyoapa. Siku ile ulipoteleza mteremkoni ukitoka kisimani, goti likavimba kama boga, ulisema hutakanyaga nyumba hii mpaka maji yafike mlango wa jiko. Na mimi nikasema sihamii ghorofani kwa mtu nikakae juu ya kichwa cha mwingine na mwingine juu ya kichwa changu. Basi mwaka wa tatu huu, wewe huko na neno lako, mimi huku na langu. Sasa neno langu linashinda na lako halishindwi. Watu wa maji wanaleta bomba, kubwa, mtu mzima anaweza kulala ndani akageuka.

Ila kabla ya bomba wametangulia watafiti wa mambo ya kale. Kazi yao ni kuipekua ardhi kabla mtambo haujachimba, kusije kukavunjwa kitu cha watu wa zamani. Wanatembea wamejipanga mstari, wameachana kidogo, macho chini kama watu waliopoteza pete. Mkubwa wao ni mama mwembamba mwenye kofia pana, namwita Mama Mashimo. Nimemweleza kwamba mimi ndiye Fundi Timazi, nusu ya kuta za mji huu zimesimama kwa mkono wangu, na nusu nyingine ndiyo ile yenye nyufa. Alinishukuru sana. Naweza kusema kazi naisimamia mimi, isipokuwa anayelipwa ni yeye.

Wamechomeka vibendera vyekundu ardhini. Ila vyote viko ng'ambo ya njia, upande wa jirani yetu Kinyozi. Upande wetu hata kimoja. Hilo nitaliangalia.

Mumeo,
Fundi Timazi


12 Machi

Mzee Timazi,

Barua imefika. Binti alitaka kunisomea nikamwambia mwandiko huu nimeanza kuusoma kabla yeye hajazaliwa.

Maji yamekuja mara ngapi hapo kwetu? Yalikuja na diwani yule wa suti nyeupe, yakaacha shimo ambalo kuku wa Kinyozi alitumbukia. Yakaja tena na yule aliyemfuata, yakaacha kibao. Mimi sitaki kusikia yanakuja, nataka kusikia yamefika. Mlango wa jiko. Si njiani, si kwa Kinyozi.

Na hilo "nitaliangalia" lako silipendi. Paa la fundi viatu uliliangalia, likashuka. Waache watu wa watu wafanye kazi yao.

Mimi huku nimestarehe. Maji yanatoka ukutani, nageuza kidole tu. Goti ni lile lile, lakini ngazi ni nyingi, kwa hiyo sishuki. Natazama dirishani. Mkwe bado anafunga mlango kama anamkomoa mtu.

Mkeo


20 Machi

Mke wangu,

Nimeliangalia.

Sikiliza kwa utulivu. Vile vibendera ndivyo njia ya bomba. Hilo linaonekana hata na mtu aliyefumba macho, vimepita kwa Kinyozi moja kwa moja kuelekea mjini. Sasa niambie, Kinyozi na bomba wapi na wapi? Mtu anayemnyoa mteja kwa kikombe kimoja cha maji, tena maji yale yale anamnyolea anayefuata. Jana alinipita nikiwa na ndoo zangu akaniambia, "Timazi, usijali, utakuja kuchota kwangu, jirani ni jirani." Akacheka na mswaki mdomoni.

Basi Mama Mashimo alipokwenda mjini na wenzake wamejipumzisha kwa chakula cha mchana, nilivuka njia nikavichomoa saba. Nikavileta upande wetu, nikavichomeka kwa mstari, na mstari wenyewe niliupigia uzi. Hakuna mtafiti anayeweza kunyoosha hivyo. Kimoja nimekiweka pale mlangoni mwa ua, unapapajua. Vilivyobaki vinaelekea jikoni.

Leo asubuhi wale wenzake wamekuja na koleo na chekeche, wakatazama vibendera, wakatazama karatasi, wakakuna vichwa, halafu wameanza kuchimba pale pale mlangoni. Kinyozi amesimama ng'ambo na taulo begani, anatazama. Bomba liko kwetu, mke wangu. Anza kukunja nguo zako.

Mumeo,
Fundi Timazi, Msimamizi


27 Machi

Mzee,

Nina swali moja. Vibendera hivyo ulimuuliza mtu ni vya nini?

Jibu upesi. Nguo sikunji.

Mkeo


28 Machi

Kwa Mzee Fundi Timazi,

Shikamoo mzee wetu. Nimekuja nyumbani kwako mara mbili nikaambiwa umekwenda kuangalia mbuzi, ingawa mbuzi walikuwa wamefungwa uani wananitazama. Kwa hiyo naandika.

Vibendera vyekundu si njia ya bomba. Tunachomeka kibendera pale tulipookota kitu cha kale juu ya ardhi, kigae cha chungu, jiwe lililochongwa, au bonge la chuma. Kila kimoja nilikuwa nimeshakipima mahali pake kwa kifaa. Saba vimehama. Wenzangu walidhani nimeviongeza mimi, wakachimba mlangoni kwako nikiwa sipo.

Njia ya bomba ni ile barabara ndogo iliyo mbele ya ua wako, ambayo ni ardhi ya umma. Na ni vizuri ulijue hili kutoka kwangu kabla hujalisikia pengine. Bomba hilo linapeleka maji kwenye tangi la mjini. Nyumba za njia hiyo, yako na ya Kinyozi, hazimo katika mpango wa sasa. Litapita tu.

Kuhusu shimo la mlangoni, nilirudi nikiwa na hasira, nikataka lifukiwe siku ile ile. Lakini ukutani mwa shimo kuna udongo mwekundu, umeungua, na mabonge meusi mazito. Hatujui bado ni nini. Nakuomba sana usiguse chochote, na kama una jembe liweke mbali.

Mtafiti Kiongozi


3 Aprili

Kwa Mama Mashimo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma yote, mpaka ile ya mbuzi.

Vibendera vilihamishwa na upepo. Huku kwetu upepo una nguvu, uliza yeyote isipokuwa Kinyozi. Mimi mtu mzima siwezi kuvuka njia kwa ajili ya vitambaa.

Jembe langu liko ndani. Nimelifungia.

Nakuuliza jambo moja, na jibu lake unijibu mimi tu, usimwambie mtu. Bomba linapita mbele ya mlango wangu na halitoi hata tone? Hata mfereji mdogo wa kidole? Nimejenga shule, nimejenga soko, nimejenga hata ofisi ya hao watu wa maji wanayokalia. Sijawahi kuomba kitu. Siombi sasa pia, nauliza.

Fundi Timazi


9 Aprili

Mke wangu,

Kazi inaendelea. Mbuzi wazima. Mvua imenyesha kidogo.

Mumeo


15 Aprili

Mume wangu,

Barua yako nimeigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki. Tangu nikujue hujawahi kumaliza jambo kwa maneno machache hivyo. Hata siku ya kuniposa mshenga alisinzia.

Unaumwa? Unakula? Binti amesema anaweza kuja kukuangalia.

Kama maji hayaji, niambie tu. Sitakucheka. Hujasema ni vya nini vile vibendera, nami siulizi tena. Mwaka huu unaonekana mrefu sana kwa sababu ya hili dirisha.

Mkeo


22 Aprili

Kwa Mzee wetu,

Shikamoo. Jibu la swali lako nilikuwa nalo siku nyingi, nikashindwa kuliandika, maana lilikuwa "hata tone". Leo naandika kwa sababu mambo yamebadilika.

Lililoko mlangoni kwako ni tanuri la kuyeyushia chuma. Nusu yake iko ndani ya ua, nusu iko chini ya ile barabara ndogo. Ukuta wake wa udongo umesimama mpaka usawa wa goti, mduara, na mirija ya kupulizia hewa bado imo mahali pake. Makaa yake tumeyapeleka kupimwa, lakini umri wake ni mamia ya miaka, hilo sina shaka nalo. Katika maisha yangu ya kazi nimeona vipande vya matanuri kama hayo. Zima sijawahi. Na nisingeliona, kwa sababu juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote. Hakuna mtafiti ambaye angechimba pale.

Upepo wa kwenu ni fundi kweli, mzee. Umechomeka vibendera saba kwa mstari ambao nimeupima na haukupotoka popote.

Sasa bomba haliwezi kupita mbele. Upande wa Kinyozi tumekuta vigae vingi sana, napo itabidi tuchimbe kwa muda mrefu. Njia iliyobaki ni moja, nyuma ya nyumba yako, kati ya jiko na zizi. Hiyo ni ardhi yako, si ya umma. Alhamisi injinia atakuja kuomba ridhaa. Bila ridhaa yako hawapiti. Zaidi ya hapo kazi yangu hainiruhusu kusema, na wewe si mtu wa kufundishwa.

Mwanao,
Mama Mashimo


2 Mei

Mke wangu, mke wa Fundi Timazi, mke wa mwenye ardhi,

Kaa chini kwanza. Mwambie mkwe aache mlango.

Alhamisi walikuja. Injinia mwenye viatu vya kung'aa, karani wake, na Mama Mashimo nyuma yao na kofia yake. Niliwaweka kwenye viti vile vya sebuleni, mimi nikakaa kwenye kile kirefu. Kinyozi akajileta eti kuazima kamba. Nikamwacha akae, niliona afadhali awepo shahidi.

Lakini ngoja nikueleze kwanza kilichoko mlangoni, maana hujui, na sikukuambia kwa sababu nilikuwa naangalia mambo yaive. Lile tanuri nimeshuka shimoni kulitazama. Mama Mashimo aliniruhusu bila viatu. Mke wangu, kuna fundi aliwahi kufanya kazi hapo kabla ya babu wa babu zetu. Amesimamisha ukuta wa udongo kwa mduara bila timazi, bila uzi, bila saruji, na moto wa kuyeyusha chuma umepita ndani yake na bado umesimama. Alama za vidole vyake zimebaki pale alipokuwa akisawazisha udongo mbichi. Niliweka kidole changu pembeni ya chake. Nilikiacha hapo mpaka Mama Mashimo akaniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu. Nikamwambia upande wa kushoto umepinda kidogo, ningekuwepo ningemrekebisha.

Sasa injinia. Alianza na heshima nyingi, mzee huyu mzee yule, akasema wangependa kupitisha bomba nyuma ya jiko na watanilipa fidia. Nikasema fidia sitaki. Akafurahi, akasema basi unatoa bure, Mungu akuzidishie. Nikasema bure pia sitoi.

Akaniuliza, "Sasa mzee unataka nini?"

Nikamwambia, "Bomba mlango wa jiko."

Akaeleza, kwa upole kama anaongea na mgonjwa, kwamba bomba hili ni kuu, halitobolewi kwa ajili ya nyumba moja. Nikamwambia sawa kabisa, lisitobolewe, lipite mbele. Akamgeukia Mama Mashimo. Mama Mashimo akasema mbele hapapitiki. Akasema basi kwa Kinyozi. Mama Mashimo akasema kwa Kinyozi itachukua misimu. Injinia akanywa maji, maji yenyewe ya kisimani, nikamwambia hayo yamebebwa kwa kichwa cha mtu mzima, anywe taratibu. Karani akacheka, akatazamwa, akaacha.

Ikawa kimya. Unajua mimi naweza kukaa kimya nikitaka. Ulisema siwezi, lakini naweza. Nilikaa mpaka mbuzi mmoja akaingia sebuleni, akatutazama akatoka.

Hatimaye injinia akakumbuka kwamba pale bomba linapopinda lazima wajenge chumba cha valvu, ile koki ya kufungia maji, na kutoka kwenye valvu mtu akitaka anaweza kuvuta bomba dogo. Alikumbuka kama mtu aliyekumbuka deni. Akasema, haya, nyumba moja. Nikasema si moja, nyumba zote za njia hii.

Kinyozi akaniangalia akadondosha kamba. Nikamwambia asinitazame hivyo, sifanyi kwa ajili yake, ila sitaki aje kuchota kwangu kila asubuhi na maneno yake. Jirani ni jirani, nikamwambia. Akainama kuokota kamba.

Injinia akatoka nje, akapiga simu kwa wakubwa zake, akazunguka zizi mara kadhaa. Akarudi amekubali. Nikamwomba aandike, akaandika. Ndipo nikaweka sahihi, na sahihi yangu unaijua, ilichukua ukurasa.

Chumba cha valvu najenga mimi. Nilishaanza kupima.

Kunja nguo.

Mumeo,
Fundi Timazi


9 Mei

Mume wangu,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Binti alisoma kwa sauti, na mkwe alikuja kusimama mlangoni kusikiliza na hakuufunga.

Sasa na mimi nikwambie. Kinyozi alinipigia simu siku ile ile ulipovihamisha vibendera. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Tangu hapo akawa ananipigia kila mara, nikayajua yote, ya upepo, ya mbuzi, ya kujificha kwako nyuma ya zizi. Nilinyamaza nione utajigamba mpaka wapi. Ulipoandika ile barua fupi ndipo nikaogopa, maana Kinyozi alishaniambia bomba halitoi tone na wewe huniambii, unalimeza peke yako.

Kinyozi ameniambia pia kibendera cha kwanza ulikichomeka wapi. Pale mlangoni mwa ua nilipokuwa natua ndoo kupumzika kabla ya kuingia. Amesema hukupima, hukupiga uzi, ulikwenda tu moja kwa moja ukakichomeka, ndipo ukaanza kupima vingine kutoka hapo. Sikujua kama uliwahi kuniona nikipumzika pale. Nilidhani wakati ule huwa uko ndani unagomba na redio.

Basi watu wa zamani wameketi chini ya ndoo yangu miaka yote hiyo.

Nguo nilizikunja Machi, siku niliyosoma barua yako ya kwanza. Begi liko chini ya kitanda. Lakini neno langu ni neno langu. Sitoki huku kwa karatasi ya injinia. Nitatoka siku maji yatakapotoka.

Mkeo

Tena: huko kujenga chumba cha valvu mwenyewe, panda ngazi polepole.


30 Juni

Kwa mwanangu Mama Mashimo,

Naandika nikiwa kwenye kiti kirefu, mlango wa jiko uko wazi na naona kila kitu.

Maji yalifunguliwa jana. Watu walijaa uani kama kuna harusi, fundi viatu, wanawe, wale wa nyumba za juu, hata karani wa injinia alikuja na mkewe. Kinyozi alivaa shati. Kwake yalitoka kwanza kwa sababu yuko chini kidogo, na amelisema hilo kila alipopata pumzi. Nimemwacha. Chumba cha valvu kimesimama wima kiasi kwamba injinia alikizunguka mara mbili, halafu akaniuliza kama nina nafasi ya kazi nyingine. Nikamwambia nitafikiria.

Mke wangu alifika na binti na mkwe. Alishuka kwenye gari akiwa ameshika begi mwenyewe, hakumpa mtu. Watu wote walijipanga wamsalimie. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno, maneno mazuri, marefu. Pale kwenye tanuri lenu alisimama kidogo, akatazama chini kupitia uzio, akatikisa kichwa. Halafu akapita katikati ya watu wote, akanipita na mimi, akaenda moja kwa moja mlango wa jiko. Akaweka begi chini. Akageuza bomba. Maji yakatoka kwa kishindo yakamrukia sketi, akainua pindo akaliweka goti lake pale pale chini ya maji, mbele ya mkwe, mbele ya karani, akafumba macho.

Alipofumbua alilitazama bomba, kutoka juu mpaka chini. Akaniambia, "Limepinda."

Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu uso kwa uso tangu aondoke. Watu walicheka mpaka Kinyozi akakaa chini. Nikamwambia halijapinda, ni macho ya ghorofani. Watu walipoondoka nilichukua timazi nikapima wima wake. Majibu ya kipimo hicho ni mambo ya ndani ya familia.

Sasa lililonifanya niandike. Kibao mlichoweka pale mlangoni nimekisoma. Kinasema tanuri liligunduliwa na watafiti wakati wa ukaguzi wa njia ya bomba. Sina ugomvi na ninyi, mmefanya kazi nzuri na umenitunzia heshima yangu mbele ya injinia. Lakini naomba chini yake muongeze mstari mmoja kwamba aliyeonyesha mahali ni Fundi Timazi, mwashi. Ubao ukiwa mdogo, andikeni Fundi Timazi tu, watu watajua.

Mke wangu amesimama nyuma yangu anasoma. Ananiambia niandike ukweli kuhusu vile vibendera, eti umri huu wote niutumie angalau kwa hilo. Nimemwambia ulikuwa upepo, na uligeuka saa ile ile alipokuwa akipita mawazoni mwangu, na hapo mimi sina kosa. Amenipokonya kalamu, nimeirudisha. Amecheka. Mwanangu, hilo nalo ulihesabu kati ya mambo ya kale yaliyopatikana katika ua huu.

Njoo Jumapili ijayo, uje na wenzako wote na chekeche zao. Wataosha mikono mlango wa jiko.

Naacha hapa. Ananiita ananiambia ndoo imejaa, nifunge maji. Nimemwambia aiache imwagike.

Baba yako,
Fundi Timazi